Milango Isiyokuwamo Kwenye Orodha

Jumanne, 4 Juni

Nimekata karatasi tangu saa mbili. Mkasi huu haukati, unatafuna. Kila kijikaratasi lazima kilingane na mwenzake, Tata Mwepu amesisitiza. Kilicho kikubwa kitashikwa kwanza na mkono, na hapo haki imekwisha. Alikuwa inspekta wa shule, sasa ni mwenyekiti wa kamati yetu. Anapima kwa rula.

Mimi ni katibu. Kazi ya miezi miwili. Nanakili majina kutoka daftari la viwanja, jina moja karatasi moja, nakunja mara mbili, natia ndani ya beseni. Jumamosi tutachomoa thelathini na sita. Hao watakaa, watasikiliza, watasema kartiye, mtaa wetu huu, inataka nini. Kampuni ya madini imekuta shaba chini ya nyumba zetu. Inataka tuhame, twende eneo jipya kwenye barabara ya Kasaji. Mkoa umejibu: kwanza wananchi waseme. Si machifu, si wanasiasa. Watu wa kawaida waliookotwa kwa kura.

Wazo hili nalipenda. Naliandika kwa sababu ni siku nyingi sijapenda wazo lolote lililotoka ofisini.

Baridi ya asubuhi imeanza. Vumbi limo hata ndani ya wino.


Jumamosi, 8 Juni

Kura imepigwa. Uwanja wa shule ulijaa. Sista mmoja mzee alifungwa kitambaa machoni, akachovya mkono ndani ya beseni, akachomoa, nami nikasoma. Jina la kwanza: muuza mkate wa barabara ya tatu. Alipiga kelele kama ameitwa mbinguni.

Tumechomoa marehemu wawili. Mmoja nilimzika mwenyewe pamoja na kwaya. Watu walicheka, kisha wakajuta kucheka. Daftari ni la zamani. Hata kiwanja changu bado kina jina la mume wangu, na Kabeya ana miaka mitatu kaburini.

Tata Mwepu alifunga kwa maneno machache. "Hii baraza itakuwa kioo ya kartiye. Kartiye ikijiangalia ndani, itaona sura yake yenyewe." Watu walipiga makofi. Mimi pia. Nilikuwa na machozi kidogo, sijui kwa nini.


Jumatano, 12 Juni

Siku tatu za kugawa barua kwa miguu. Nimechoka vibaya.

Wanakataa. Sikutegemea. Kalenga, mchimbaji wa machimbo ya Mashamba aliyerithi nyumba ya baba yake, alisoma barua amesimama, akanirudishia. Siku moja bila kushuka shimoni ni siku moja mbabula, jiko la makaa, haiwashwi, basi. Mama mmoja alisema mume wake ndiye anayesema nyumbani mwao. Mwingine alidhani ni wito wa mahakama, akajificha jikoni. Nilimwona kupitia tundu la mlango.

Aliyeniumiza ni mzee mmoja wa asili ya Kasai kama sisi. Hakufungua barua. Alisema jina lake lilishaandikwa mara moja kwenye karatasi katika mji huu, na siku ile alitoka na godoro moja. Sikumbembeleza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili baba aliposoma jina lake kwenye orodha ya Wakasai waliofukuzwa Katanga. Tulilala stesheni majuma matatu tukingoja treni. Dada yangu mdogo alifia pale. Tulirudi miaka mingi baadaye, tukamkuta mtu mwingine ndani ya nyumba yetu, tukaanza upya.

Mzee yule ana haki ya kuogopa karatasi. Nilimuaga, nikaondoka.


Jumatatu, 17 Juni

Kura ya pili, kisha ya tatu. Wanaokubali ni walewale: wenye muda, wenye kusoma vizuri, wenye mtu wa kuwapikia. Viti tisa vilibaki wazi. Tata Mwepu amevijaza mwenyewe kwa "watu wanaopatikana". Mwalimu. Shemasi. Viongozi wawili wa kwaya. Tata Kaumba, mwenye duka la dawa.

Nimepiga jedwali kwa mashine. Nusu wanawake. Vijana, wazee. Wakatoliki, Waprotestanti. Watu wa kaskazini ya Katanga, watu wa asili ya Kasai, Walunda. Kila kisanduku kimejaa. Ukilitazama jedwali, unaona kartiye nzima.

Jedwali ni zuri kuliko watu wenyewe. Nimeliandika hili hapa tu.


Jumamosi, 22 Juni

Kikao cha kwanza, ndani ya ukumbi wa shule. Mhandisi wa kampuni alitandika ramani. Sehemu ya juu ya kartiye, yenye nyumba za matofali na hati, ilipakwa kijani. Sehemu ya chini, ile inayoshuka kuelekea mto, haikupakwa rangi. Hakuna aliyeuliza.

Niliangalia viatu. Viatu vyote vilipigwa kiwi.

Msimamizi wa vikao, dada kutoka Lubumbashi, aliomba wapangaji wainue mikono. Mikono miwili. Miwili kati ya thelathini na sita! Katika kartiye hii karibu kila lupango, ua wa nyumba, ina chumba cha nyuma, na kila chumba cha nyuma kina mtu. Kwangu yupo Mama Masengo. Miaka mitano tunatumia bomba moja. Nikaanza kutafuta kichwani: je, jina lake nililikatia karatasi? Hapana. Lisingeweza kukatiwa. Daftari ni la viwanja. Lina wenye viwanja tu. Tangu mwanzo hakukuwa na karatasi yenye jina lake ndani ya beseni, wala ya mpangaji yeyote. Hao wawili ni watu wa viti vya kujazia.

Nililinakili daftari zima kwa mkono wangu na sikuona.

Mwishoni Tata Mwepu alitamka, nami nikaandika: "Baraza linawakilisha sura ya kartiye." Mkono wangu uliandika mpaka nukta.


Jumatatu, 24 Juni

Nimemwambia. Alinisikiliza bila kunikatiza, rula mkononi. Nadhani alikuwa anajua.

"Mama Mbuyi, kama tunaanza tena, bale ba kampuni batasema: munaona, bantu ba hapa habawezi kupatana. Kiisha batatuhamisha namna banataka. Kioo ya kupasuka inapita kukosa kioo."

Si mtu mbaya. Anaogopa kupoteza kidogo tulichopewa. Nami sikuendelea, kwa sababu nyingine ambayo ni mbaya kuliko yake. Mimi niko upande wa kijani. Nikinyamaza, nitapata nyumba mpya ya vyumba vitatu.

Nimeinywa chai ikiwa imepoa.


Jumamosi, 29 Juni

Kikao cha pili. Mambo yanakwenda haraka, watu wanapatana kwa urahisi. Urahisi huu unanitisha. Wanasemea shule mpya, wanasemea kanisa lao lijengwe kwanza. Wanagombana vizuri kuhusu upana wa vyumba.

Kifungu cha tano cha rasimu: wenye hati watapewa nyumba badala ya nyumba, wakazi wengine watapewa muda wa kutosha kutafuta mahali pengine. Kimepita bila mjadala. Sentensi moja. Nimeipiga kwa mashine mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikosea "wakazi wengine".

Hao wakazi wengine wanaoga nyuma ya jikoni yangu.


Jumatatu, 1 Julai

Nilikuwa bombani. Mama Masengo alikuwa anafua liputa yake ya kitenge aliyotoka nayo mtoni, ina tope jekundu lisilotoka. Anaosha madini upande wa mgodi wa Mutoshi, yeye na wanawake wenzake, maji magotini kutwa nzima. Mjane kama mimi. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mama Mbuyi, kule ku masomo munasema nini juu yetu?"

Ningeweza kusema bado. Nilimwambia yote. Daftari, beseni, mikono miwili, kifungu cha tano. Alikamua liputa mpaka tone la mwisho.

"Mi niko mu lupango yako miaka tano. Ulipita mbele ya mulango yangu na ile daftari kila asubui. Haukuniona?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Nilisema samahani. Akasema hakasiriki, amezoea. "Bantu banatuonaka tu siku tunabakosea." Kisha akanisaidia kubeba ndoo yangu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Sijala.


Alhamisi, 4 Julai

Siku mbili nimeshuka sehemu ya chini na daftari jipya. Nilitaka kuandika wapangaji wote, kura ipigwe upya pamoja nao. Nilidhani nitapokewa vizuri. Mtu wa kwanza alifunga mlango. Wa pili alinipa jina ambalo najua si lake. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, alisema wazi: wakishajua majina yetu, watajua nani wa kutoa kwanza.

Nilisimama njiani na kalamu yangu. Mimi, mtoto wa stesheni, natembea na orodha.

Nililifunga daftari. Niliketi kwenye kigoda chake, nikamweleza habari za baba. Sikuwahi kumweleza mtu wa kartiye hii. Wengine walikuja kusikiliza. Nilipomaliza, yule mama, bado anatwanga, akasema kama jambo dogo tu: basi usiandike bantu. Andika milango.

Mlango hauna kabila. Mlango hauna hati. Mtu akilala nyuma yake, unahesabiwa. Ukichomolewa, waliomo ndani wanachagua wenyewe nani aende.

Nimeiandika milango kwa chaki, namba tu, lupango kwa lupango. Watoto walinifuata wakisoma namba kwa sauti. Kwangu pia nimeandika: mlango wangu, na mlango wa Mama Masengo.


Jumamosi, 6 Julai

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Kikao cha tatu. Siku ya kupitisha rasimu. Katibu haruhusiwi kuzungumza, huandika tu. Tata Mwepu aliponiomba nisome kumbukumbu za kikao cha kwanza, nilisoma mpaka ile sentensi ya sura ya kartiye, nikasimama. Nikasema: sentensi hii niliiandika mimi na si kweli. Nikaeleza daftari. Nikaeleza viti tisa. Nikaomba milango kumi na miwili ichomolewe kwa namba kutoka vyumba vya kupanga, wakazi wake waongezwe kwenye baraza kabla ya kupiga kura.

Sikumtazama Tata Mwepu. Niliona mikono yake tu, juu ya meza.

Fujo. Wengine walisema ni haki. Wengine walisema ni hila, nimetumwa. Tata Kaumba wa duka la dawa alisimama, kitambaa mkononi, mpole kabisa.

"Mupangaji ni mugeni. Lelo iko hapa, kesho iko Mashamba. Mugeni hapangake mambo ya lupango." Kisha, bila kupandisha sauti: "Na hata huyu mama mwenye kusimama. Shiye bote tunajua bazazi yake batoka wapi."

Ukumbi ulinyamaza. Najua ukimya huo. Niliusikia nikiwa mtoto, kabla ya orodha. Nilibaki nimesimama, kumbukumbu mkononi.

Tata Mwepu aliinuka. Nilidhani atanitoa nje.

"Ile neno mi niliisikia tayari," alisema. "Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa tano. Siku moja nusu ya batoto habakurudia ku masomo. Makaye yabo ya kuandika ilibakia juu ya meza yangu mpaka nvua. Ile neno haitasemwa tena mu nyumba hii. Hapana mbele yangu."

Akaitisha kura. Kumi na tisa walikubali milango iongezwe. Kumi na sita walikataa. Mmoja hakuinua mkono kokote.

Wakati wa kutoka Tata Mwepu alinipita bila kunisalimia. Nimemwaibisha mbele ya watu, kisha akanitetea, na hatanisamehe lolote kati ya hayo mawili. Ninaelewa.


Jumanne, 9 Julai

Kura ya milango. Sista yuleyule, kitambaa kilekile. Namba kumi na mbili.

Mlango wa Mama Masengo haukuchomolewa.

Nilikuwa nimeshajijengea picha: yeye amesimama ukumbini na liputa yake yenye tope, anasema, watu wanainamisha vichwa. Ni ujinga. Kura haijui nani ananidai samahani. Nilipomwambia aliguna tu, akasema sawa, wengine watasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Nina aibu kwamba mimi ndiye niliyevunjika moyo.

Jambo jipya. Yule dada wa Lubumbashi amekubali kikao kihamie Jumapili baada ya ibada, na wenye watoto waje nao. Nilipita kwa Kalenga kumwambia aje kusikiliza. Jumapili hashuki shimoni. Alisema ataona.


Jumapili, 14 Julai

Walikuja kumi na mmoja. Mlango mmoja ulikutwa mtupu, wamehama juma hilohilo. Kalenga pia alikuja, shati limepigwa pasi, akakaa nyuma kabisa.

Nilidhani najua watakachosema wapangaji. Nilidhani watakataa kuhama, wote, kwa sauti moja, na mimi nitaandika kwa fahari. Wa kwanza kusimama alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. "Mi nataka kuenda. Hata kesho. Mutoto yangu anakohoa tangu alizaliwa." Alimgeuza mtoto tumwone. Baada yake mzee mlinzi wa usiku: "Kule barabara ya Kasaji nitalinda nini? Muhogo?" Ukumbi mzima ulicheka, hata Tata Kaumba. Mwanamke anayeosha madini alisema nyumba haimsaidii kitu ikiwa mto uko mbali. Atarudi kulala huku chini ya plastiki. Mwingine alimpinga, wakagombana hasa, mbele ya wote.

Kalenga alizungumza mara moja. Alisema babake aliacha hati ndani ya sanduku, naye hajawahi kuisoma. Yeye ana hati na mke wa kaka yake anapanga chumba ng'ambo ya barabara, na wanakula ugali wa bukari sahani moja. Hakuona kwa nini mmoja awe na rangi kwenye ramani na mwingine asiwe nayo. Akakaa.

Kifungu cha tano kimeandikwa upya. Kila mlango unaokaliwa uhesabiwe, mwenye hati na asiye nayo. Kila mlango upate kiwanja. Pasiwe na kuhama kabla maji na gari la kurudi mtoni havijapatikana. Kimepita kwa mikono mingi. Tata Kaumba alikataa, na akaomba kukataa kwake kuandikwe. Nimeandika.

Dada wa Lubumbashi alisema sasa baraza linafanana na kartiye. Lakini karibu na shimo kuna wanaolala ndani ya mahema. Hawana mlango. Hakuna namba niliyoweza kuandika kwenye turubai.


Jumatano, 17 Julai

Mto umefungwa. Walinzi wa kampuni wameweka waya mpaka majini. Wanawake walikaa upande huu na mabeseni yao hadi adhuhuri, kisha wakarudi.

Mama Masengo anaondoka kesho. Dada yake ana shamba Kasaji. Nilimsihi angoje. Nilimwambia mkoa na kampuni wakijibu vizuri watakuja kuhesabu milango, na mlango wake ukikutwa mtupu, basi.

"Njala haingojake hesabu, Mama Mbuyi."

Tulifunga mizigo pamoja. Sufuria mbili, nguo, picha ya marehemu mume wake iliyokunjwa kwenye kitabu cha nyimbo. Kinu ni kizito, amekiacha. Alitaka kunipa ufunguo. Nikamwambia akae nao, nina mwingine.


Alhamisi, 18 Julai

Amepanda treni. Ilichelewa kwa saa nne. Sipendi stesheni, lakini nilikaa naye mpaka mwisho. Alinishika mkono treni ilipoanza, kisha akauachia.


Ijumaa, 26 Julai

Jibu limefika. Limesomwa uwanjani na Tata Mwepu kwa miwani mpya.

Mkoa na kampuni wamekubali kuhesabu milango. Wapangaji watapewa kiwanja na mabati, si nyumba. Wenye hati watapewa nyumba kama walivyoahidiwa. Maji kwanza, ndiyo. Gari la kurudi mtoni, hapana. Hakuna atakayehamishwa kabla ya mvua kwisha.

Wengine waliimba. Wengine walisema ni nusu mkate. Mama wa sehemu ya chini, yule wa sombe, alinishika bega, akaendelea na safari yake.

Nimejaribu kufurahi. Nimefurahi kidogo. Bila ile milango wapangaji wangepewa tu "muda wa kutosha". Najua hilo. Lakini nyumba yangu itakuwa na vyumba vitatu na ya yule mama kijana itakuwa mabati na ardhi tupu, na mtoto anakohoa.


Jumanne, 30 Julai

Wahesabuji walifika kwangu asubuhi. Wasichana wawili, kopo la rangi nyeupe, brashi. Waliandika namba kwenye mlango wangu. Wakazunguka nyuma.

"Nani analala hapa, mama?"

Nilisema: Mama Masengo. Wakauliza yuko wapi. Nilisema amesafiri kwa dada yake. Wakauliza atarudi lini. Nilikuwa na ufunguo mfukoni. Niliwafungulia. Chumba kimefagiliwa, kinu kiko kwenye kona, mchi ndani yake. Waliangaliana. Niliwaambia kinu kile si changu na mwenye nacho hajakitupa.

Wangeweza kuruka mlango ule. Mmoja alitaka. Mwingine alichovya brashi, akaandika.

Sijui kama nimesema uongo. Kila neno lilikuwa kweli.


Alhamisi, 1 Agosti

Siku ya wazazi, walio hai na marehemu. Asubuhi nilikwenda makaburini kama wote, na jembe na maji. Nilipalilia kaburi la Kabeya, nikapaka chokaa msalaba. Watu wengi, kazi ya kimya. Tata Mwepu alikuwa safu mbili mbele, anapalilia kaburi la mke wake, koti limekunjwa vizuri juu ya kaburi la jirani. Nilimpelekea maji yaliyobaki. Aliyapokea kwa mikono miwili. "Aksanti, Mama Mbuyi." Tukaendelea kila mtu na majani yake.

Mchana Mama Masengo alipiga simu, ya kuazima. Nilimsikia vibaya, kuku walikuwa karibu. Wanalima muhogo. Mgongo unauma namna nyingine, alisema, si ile ya maji. Nilimweleza kwamba mlango umehesabiwa na kiwanja kipo. Akauliza ni kiwanja cha namna gani. Nikamwambia: ardhi na mabati, karibu na barabara, mto uko mbali.

Alisema atafikiri. Labda kabla ya mvua, labda hapana. Dada yake ni mgonjwa kidogo. Nikamwambia afikiri vizuri, hakuna haraka, mimi nipo.

Baadaye nilipika sombe, kidogo tu, ya mtu mmoja. Hakukuwa na upepo leo. Vumbi limetulia na unaweza kuona mbali mpaka kwenye vilima vya mgodi.